Maswali ya Wasomaji: Mkufu Mmoja kwa Nguo za Kila Aina

Swali: Mama yangu amenipa mkufu wa dhahabu wa karati 22, wenye urefu wa sentimita 45, pamoja na kidani chake. Nikiuvaa na shati la ofisini, nusu yake hujificha ndani ya kola. Nikiuvaa na gauni la kitenge lenye shingo iliyopanda, kidani hukaa juu ya mshono na kupinda. Na nikivaa dera hakionekani kabisa kwa sababu ya nakshi za shingoni. Je, ninunue mikufu mingine, au huu unaweza kurekebishwa bila kuharibika? Nina pia pete ya tanzanaiti ambayo inanipwaya kidoleni. *Msomaji, Tanga*

Jibu: Dada yetu wa Tanga, usinunue mkufu mwingine kwa sasa. Tatizo ulilolieleza ni la urefu, na urefu ni jambo jepesi kwa sonara yeyote mzuri. Mwombe akutengenezee kipande cha mnyororo cha sentimita 15, chenye kishikizo upande mmoja na vipete vidogo kila baada ya sentimita 5, ambacho utakipachika nyuma ya shingo unapokihitaji na kukitoa usipokihitaji. Kwa njia hiyo mkufu wa mama haukatwi wala hauguswi na moto. Sharti langu ni moja tu: kipande hicho nacho kiwe cha karati 22, chenye muhuri wa 916 unaothibitisha karati hizo. Dhahabu ya karati 9 ni ngumu zaidi, na ikisuguana kila siku na mkufu laini kama wako itaula taratibu, mbali na kwamba rangi yake iliyopauka itaonekana mara tu utakapobana nywele juu.

Ukishapata urefu huo, tazama kwanza shingo ya nguo, kisha ndipo ufikirie rangi. Shati la kola livaliwe na mkufu wa sentimita 45 kama ulivyo, kifungo cha juu kikiwa wazi ili kidani kitue kwenye ngozi. Ukipenda kufunga vifungo vyote, uache mkufu nyumbani na uvae hereni. Kwa gauni la kitenge lenye shingo iliyopanda, ongeza kipande chote ufike sentimita 60, kidani kishuke kifuani, mbali na mshono. Shingo ya V huhitaji kipimo cha makini zaidi, kwa kuwa kidani kikigusa ncha ya V huingia na kutoka ndani ya nguo kila unapoinama. Kiishie upana wa vidole viwili juu ya ncha hiyo. Ama kwa dera, nakshi zake tayari ni mkufu uliochapwa kitambaani, na sioni sababu ya kushindana nazo. Vaa hereni kubwa na bangili, basi. Tena, ukijifunika mtandio, epuka hereni zenye ncha au kulabu zilizo wazi, kwani ndizo zinazofumua nyuzi.

Kuhusu pete, nakusihi usikubali ipunguzwe jiwe likiwa mahali pake. Ili kupunguza pete, sonara hukata kipande kidogo cha duara lake, akakutanisha ncha mbili na kuzilehemu kwa moto, na tanzanaiti haivumilii badiliko la ghafla la joto. Inaweza kupasuka papo hapo. Jiwe hili linalochimbwa Mererani si gumu sana, kwani kwenye kipimo cha ugumu wa mawe kiitwacho Mohs liko kati ya 6 na 7, ilhali almasi ni 10. Kwa hiyo jiwe litolewe kwanza, pete ipimwe gramu mbele yako kabla na baada ya kazi, na kipande kilichokatwa urudishiwe. Kidole nacho kipimwe jioni, kwa maana asubuhi penye ubaridi huwa chembamba, na pete iliyokadiriwa wakati huo itakubana ifikapo mchana wa joto la Tanga. Kazi ikiisha, pitisha kitambaa cha lesi juu ya meno yanayoshika jiwe: kikinasa, mrudishie sonara ayalaze vizuri, la sivyo kila gauni la harusi utakalovaa litavutika uzi.

Swali: Je, ni kosa kuvaa fedha na dhahabu kwa pamoja? *Msomaji, Mombasa*

Jibu: Si kosa, ijapokuwa wapo mama zetu watakaokukunjia uso. Linaloonekana vibaya ni rangi moja kujitokeza mahali pamoja tu, mathalani hereni za dhahabu huku saa, pete na bangili zote ni za fedha. Vaa na pete moja ya dhahabu, na mchanganyiko utaonekana kuwa umekusudiwa. Bangili za fedha na za dhahabu uzitenge, kila aina na mkono wake, kwa kuwa zikigongana kutwa huchubuana.