Muulize Fundi: Kioo kimenenepa ghafla

Shikamoo fundi. Nina steshenari hapa Kibaigwa. Natumia kompyuta ya mezani ya mtumba, ina mfumo wa Linux Mint na kadi ya grafiki ya Nvidia GT 730. Panya walitafuna waya wa kioo, nikanunua mwingine wa VGA. Tangu hapo maandishi yamevimba, na duara linaonekana kama yai. Kwenye mipangilio 1920x1080 haipo tena, mwisho ni 1024x768. Fundi mmoja kaniambia kadi imekufa, mwingine anataka anipigie Windows yaishe. Msimu wa mahindi ndio huu, wateja wa nakala na fomu wamejaa. Nifanyeje?
Mama Steshenari, Kibaigwa

Marahaba, mama. Kadi ikifa utaona mistari, madoa ya rangi au giza tupu. Haikuletei picha safi iliyotulia halafu ikawa pana. Na hiyo Windows ingekutana na waya uleule.

Kompyuta ikiwaka, kioo hutuma taarifa fupi, kwa kawaida baiti 128: kimetengenezwa na nani, kinakubali saizi zipi. Taarifa hizo huitwa EDID. Kwenye VGA zinapita kwenye pini ya 12 na ya 15. Rangi zina pini zake, ndiyo maana picha unaipata hata taarifa zikikwama njiani. Linux isipozipata inachukua saizi ambayo karibu kila kioo kinaimudu, 1024x768, na kioo chako kipana kinaivuta mpaka kijae.

Nyaya nyingine za bei ya chini hutengenezwa bila pini hizo. Zima mashine, chomoa waya, tazama uso wa plagi upande mpana ukiwa juu. Mstari wa chini, pini ya pili kutoka kushoto ndiyo ya 12, ya mwisho kulia ndiyo ya 15. Pini ya 9, yaani ya nne mstari wa kati, ikikosekana usihangaike; nyaya nyingi nzima hazina. Ukikuta zote zipo bado usiusafishe huo waya na lawama, maana unaweza kuwa umekatikia ndani. Azima wa jirani ujaribu.

Kabla ya hapo fungua teminali, yaani dirisha la kuandikia amri, uandike xrandr. Ukiona VGA imeandikwa connected na chini yake saizi kubwa ni 1024x768, basi EDID haikufika. Kisha andika lspci -k, tafuta kadi yako kwenye orodha. Chini yake kukiwa na mstari wa Kernel driver in use wenye nouveau au nvidia, draiva, yaani programu inayoiendesha kadi, ipo kazini, usiiguse. Mstari huo usipokuwepo kabisa, hapo tatizo ni la draiva, niandikie tena. GT 730 zenyewe zina mtego: ziko za kizazi cha zamani kiitwacho Fermi, ambazo draiva ya Nvidia iliishia toleo la 390, na za kizazi kilichofuata, Kepler, zinazoishia 470. Jina kwenye boksi ni lilelile, kwa hiyo ni rahisi kuweka draiva isiyoifaa.

Kioo chako kikiwa na tundu la HDMI au DVI, hamia huko uachane na VGA. Na CPU usiipakie kwenye basi kuja mjini kwa ajili ya waya.

Fundi, nimeweka Linux ya Ubuntu kwenye mashine yenye kadi ya Nvidia. Nembo inatokea, kisha giza.
Mwanafunzi, UDOM

Washa huku ukigusagusa Esc, au ushikilie Shift kama mashine ni ya zamani, mpaka itokee menyu ya GRUB, ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha. Bonyeza e, nenda kwenye mstari unaoanza na linux, mwishoni mwake ongeza neno nomodeset, linaloiambia Linux isianze kuipangia kadi picha mapema, bonyeza F10. Itawaka kwa picha duni ya muda. Ukishaingia, fungua Additional Drivers, chagua draiva inayopendekezwa. Secure Boot, ulinzi unaozuia programu zisizotambulika wakati wa kuwaka, ikiwa imewashwa utaombwa utunge nywila, na ukiwasha upya utapokewa na kioo cha bluu. Hapo wengi hukimbilia Continue, draiva ikazuiwa, kesho yake wananiletea mashine. Chagua Enroll MOK, yaani sajili ufunguo wa draiva, weka ile nywila. Baada ya hapo hutaulizwa tena.