Kuunganisha programu ya wingu na folda za ofisi: anzeni na akaunti

Vijana wengi wanaoanza kazi ya TEHAMA, iwe Kampala, Mbarara au Gulu, hukabidhiwa kazi hii mapema: kampuni imelipia programu ya kusimamia data kwenye wingu, sasa iunganishwe na folda za pamoja zilizo kwenye seva ya ofisi. Ukisikia hivyo unadhani ni shughuli ya dakika chache. Ninawaomba sana, kabla hamjabofya chochote, jiulizeni: programu hii itaingia kwenye seva kwa jina la nani? Matatizo mengi ya kazi hii yanaanzia hapo.

Tazameni diski Z, yaani folda ya pamoja ya kwenye seva iliyopewa herufi Z kwenye kompyuta. Mhasibu akiwasha kompyuta yake anaiona, anaibofya, inafunguka. Wewe unaandika Z:\Hesabu kwenye programu, nayo inajibu kwamba njia hiyo haipo. Unarudi kuifungua kwa mkono, inafunguka vizuri tu. Wengi hapo huanza kulaumu intaneti. Kumbe herufi Z ni ya yule mtu aliyeingia kwenye Windows. Akitoka, inaondoka naye. Programu inayofanya kazi chinichini kama sevisi ina kikao chake na haioni Z ya mtu mwingine. Andikeni njia kamili, mfano \\seva01\Hesabu, kisha ipeni sevisi hiyo akaunti yake ya domeini, yaani ule mfumo wa ofisi ambao akaunti zote husimamiwa pamoja kwenye seva.

Nasema akaunti yake. Msitumie akaunti ya mkurugenzi, wala ya msimamizi mkuu wa domeini kwa sababu eti inafungua kila mlango. Neno lake la siri likivuja, mwizi naye amefunguliwa kila mlango. Kama programu inasoma na kunakili tu, ipeni ruhusa ya kusoma, basi. Mkumbuke pia kwamba ruhusa ziko ngazi mbili, za shea (folda inavyofunguliwa kupitia mtandao) na za folda yenyewe kwenye NTFS (mfumo wa Windows wa kupanga mafaili kwenye diski), na ile kali zaidi ndiyo inayoshinda. Ukiruhusu kuandika kwenye folda huku shea inasema kusoma tu, hakuna kitakachoandikwa.

Neno la siri la akaunti hiyo likiisha muda, kazi husimama kimya kimya, na mara nyingi hugundulika siku mtu anapotafuta faili la zamani. Tangu Windows Server 2012 kuna akaunti za sevisi ambazo domeini yenyewe huzibadilishia neno la siri. Kama programu yenu inazikubali, zitumieni.

Halafu kuna saa, jambo ambalo wageni hawalitegemei. Kerberos, inayothibitisha akaunti kwenye domeini, kwa kawaida hukataa kompyuta ambayo saa yake imepishana na ya seva kwa zaidi ya dakika 5. Penye umeme wa kukatikakatika, kompyuta kuukuu yenye betri ya ndani iliyokufa huwaka ikiwa na tarehe ya ajabu. Ujumbe utalalamikia akaunti, ilhali kosa ni la saa. Iangalieni kwanza.

Mtu asiwashawishi kufungua poti 445, mlango wa mtandao ambao folda za pamoja hupitia, kwenye rauta ili wingu lifikie seva moja kwa moja. Mwezi Mei 2017 programu haribifu ya WannaCry ilisambaa duniani kupitia udhaifu wa toleo la 1 la SMB, njia ya Windows ya kushirikishana mafaili, na poti yake ilikuwa hiyohiyo. Wekeni ajenti ya programu, yaani kile kipande chake kidogo kinachosoma folda na kuzituma, ndani ya mtandao wa ofisi. Kwa kawaida yenyewe ndiyo hutoka kwenda kwenye wingu kupitia poti 443, na hakuna mlango wa kuingilia unaofunguliwa.

Pigeni hesabu ya laini yenu mapema. Kupandisha terabaiti 1 kwa kasi ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9, hata kama hakuna mwingine anayeitumia. Anzeni na folda zinazohitajika, usiku, na mhakikishe programu inaweza kuendelea ilipoishia, maana laini hukatika. Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikazorota Afrika Mashariki, Uganda ikiwemo.

Kabla ya folda ya rasilimali watu kuondoka nchini, muulizeni mwanasheria wa kampuni. Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 inataka data binafsi ikihifadhiwa nje ya Uganda, nchi hiyo iwe na ulinzi wa kutosha, au mwenye data awe ameridhia.

Mzunguko wa kwanza wa kunakili ukiisha, linganisheni idadi ya mafaili pande zote mbili. Yanayoanza na ~$ ni ya muda tu, ishara kwamba mtu ameacha hati ya Word au Excel wazi; yaachwe nje. Yaliyobaki bila kunakiliwa mara nyingi yana njia ndefu kupita herufi 260, folda ndani ya folda ndani ya folda. Hayo nendeni kwa wenyewe, mkae nao, mfupishe majina pamoja.