Kiongozi wa Kikosi, Acha Kuhesabu Uliowaua

Msomaji mmoja ameandika akilalamika: kikosi chake kina walengaji hodari, wote wana maiki, lakini kila mechi ya Hell Let Loose, mchezo wa kompyuta wa Vita Kuu ya Pili, wanaishia kukimbia mita 400 uwandani na kuuawa kabla hawajamwona adui. Akauliza wabadilishe bunduki gani. Ndugu yangu, bunduki hazina kosa. Shida ni mahali mnapofufukia, na hiyo ni kazi ya ofisa, yaani kiongozi wa kikosi.

Kikosi cha miguu kina watu 6. Ofisa ndiye anayeweka kituo cha kufufukia cha kikosi chake, na hujenga pia garisoni, ambayo timu nzima ya watu 50 huweza kufufukia. Garisoni hula shehena (vifaa vya ujenzi) 50, na katika eneo la adui hula 100. Lazima pia iwe mita 200 kutoka garisoni nyingine. Askari wa daraja la Support hubeba sanduku moja la shehena 50, basi kikosi kisicho na Support hukaa kikisubiri lori au ndege ya kamanda wa timu. Kabla hamjapiga hatua, uliza: nani ana sanduku?

Wengi huijenga garisoni katikati ya eneo linalogombewa. Adui akisogea karibu inajifunga, hamwezi kufufukia hapo, tena saa ileile mnapoihitaji. Iweke pembeni, mita 150 hivi, nyuma ya ua wa vichaka, mbali na barabara.

Mkivuka uwanda, tembeeni kwa umbo la kabari. Kando ya ua mrefu kama ule wa ramani ya Sainte-Marie-du-Mont, nendeni foleni. Mkikaribia kufyatua, fungukeni muwe mstari. Umbo lolote halina faida mkibanana. Acheni mita 10 kati ya mtu na mtu. Ofisa akifungua ramani watu humzunguka kama vifaranga, na kombora moja la mizinga hufuta kikosi kizima. Sema "tawanyikeni" kwanza, ndipo ufungue ramani.

Tuseme rashasha ya adui imewabana kutoka dirishani. Mpiga rashasha wenu na mwenzake mmoja wabaki wakilipiga dirisha kwa mikupuo mifupi. Watatu wazunguke ubavuni, nawe ukae katikati unapowaona wote. Wanaozunguka wasianze hadi rashasha yenu ianze kulia, maana aliyebanwa skrini yake hupoteza ung'avu na halengi sawasawa. Bomu la moshi litupwe mbele ya adui, lisitupwe miguuni penu. Likitupwa miguuni, mnatoka kwenye moshi mmoja mmoja huku yeye anawaona vizuri. Mpe moshi muda utande. Kukimbia mara tu bomu linapotua ni kujiua. Watatu wakibakiza mita 30, mwambie mpiga rashasha ahamishie risasi kwenye dirisha jingine, la sivyo atawaangusha wenzake.

Kuhusu kusema: "Yuko pale! Pale!" hakumsaidii mtu. Taja kitu, digrii, umbali, alama: "Rashasha, 240, mita 150, ghorofa ya pili, paa jekundu." Kisha nyamaza, wengine wasikie nyayo. Na mnaowatukana wageni kwenye redio, acheni kabisa. Mgeni aliyetukanwa hazungumzi tena, na siku akiona kifaru kinawajia ubavuni atakaa kimya. Mwite kwa jina lake, mpe kazi moja inayoeleweka: "Shika ua huu, tazama barabara."

Ukiangushwa, mganga wenu akiwa ndani ya mita 20 na njia iko wazi, msubiri. Akiwa mbali, sema nani anawaongoza waliobaki, kubali kufa, fufukia garisoni ya karibu, na weka kituo kipya cha kikosi kabla hujafyatua risasi hata moja.