Mwanangu Ameandikiwa "Kukaribia Matarajio". Je, Amefeli?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mwanangu yuko Gredi ya 5 hapa Likoni. Kwenye ripoti ya muhula, Hisabati ameandikiwa AE, na nikaambiwa maana yake ni Kukaribia Matarajio. Sioni alama wala nafasi yake darasani. Mimi nilisoma mfumo wa zamani wa 8-4-4, nimezoea kuambiwa mtoto ni wa ngapi kati ya wangapi. Je, amefeli? AE hii itamfuata hadi sekondari? Halafu kuna kazi za mradi. Saa nne za usiku niko mimi na gundi, mwenyewe keshalala. Nisaidie.

JIBU: Marahaba, mama. Hajafeli. Lakini usiifungie ripoti hiyo kabatini, kwa sababu ina jambo inalokwambia.

Mtaala wa Umilisi wa Kenya (CBC), ulioanza kutekelezwa shuleni kote nchini Januari 2019, una viwango vinne vya kumpima mtoto. EE ni Kuzidisha Matarajio, ME ni Kufikia Matarajio, AE ni Kukaribia Matarajio, na BE ni Mbali na Matarajio. Ile nafasi ya darasani uliyoizoea ilimpima mtoto kwa wenzake. Viwango hivi vinampima kwa kazi yenyewe: mada hii ilimtaka aweze kufanya kitu fulani, je, anakiweza? Darasa zima linaweza kupata ME, na linaweza pia kupata AE.

Nikupe mfano wa darasani kwangu. Msichana mmoja alijumlisha nusu na robo, akaandika 2/6. Alijumlisha juu kwa juu, 1 na 1, kisha chini kwa chini, 2 na 4. Nikampa karatasi ya duara, nikamwambia hii ni chapati, kata nusu, kisha kata robo, uziweke pamoja. Akaziweka, akaona kimebakia kipande kimoja tu cha robo kuijaza chapati. Akatazama daftari, akanitazama. "Mwalimu, 2/6 si hata nusu!" Kweli, 2/6 ni theluthi, na alianza na nusu nzima mkononi. Mtoto huyo nusu anaijua na robo anaijua. Alichokosa ni kulinganisha asili za sehemu hizo, yaani namba za chini, kabla ya kujumlisha. Hiyo ndiyo AE. Ningemwandikia 45 kwa 100, mamake angejuaje pa kuanzia?

Kwa hiyo nenda kwa mwalimu wake na umuulize: ni mada gani hasa, anaweza nini, na anakwama wapi? Mwalimu anatakiwa awe na jibu, maana kila somo lina hati yake ya KICD, taasisi ya kukuza mitaala ya Kenya, sisi walimu huiita dizaini, inayoeleza kila mada mtoto aweze nini ili apewe kiwango gani. Hati hizo zimewekwa kwenye tovuti ya KICD, nawe unaweza kuzisoma. Muulize pia kama tatizo ni hesabu yenyewe au ni Kiingereza. Kuanzia Gredi ya 4 masomo mengi hufundishwa kwa Kiingereza, na nimeona watoto wengi wanaoijua hesabu vizuri wakikwama kwenye maneno ya swali. Nyumbani mweleze kwa Kiswahili, au kwa Kidigo kama ndiyo lugha yenu. Akishaelewa, kulisema jambo hilo kwa Kiingereza huwa kazi nyepesi.

Kuhusu kumfuata: AE ya muhula huu haimzuii kupanda darasa, na hakuna mtoto anayezuiwa kuingia Gredi ya 7 kwa sababu ya matokeo ya Gredi ya 6. Ila nisikufiche, mtihani wa Gredi ya 6, KPSEA, una uzito wake baadaye. Matokeo ya mwisho ya Gredi ya 9 huchukua asilimia 20 kutoka KPSEA, asilimia 20 kutoka tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na ya 8, na asilimia 60 kutoka mtihani wa Gredi ya 9 wenyewe, KJSEA, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025. Matokeo hayo ndiyo yanayotazamwa, pamoja na uchaguzi wa mtoto mwenyewe, anapopangiwa sekondari ya juu na mkondo wake: STEM (yaani sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati), Sayansi za Jamii, au Sanaa na Sayansi ya Michezo. Ana muda wa kutosha. Sehemu aliyokwama sasa irekebishwe sasa, kwani hesabu za madarasa ya mbele husimama juu yake.

Sasa ile gundi. Mama, iweke chini. Najua unafanya kwa mapenzi, na najua unaogopa mwanao aaibike mbele ya wenzake. Lakini kazi ya mradi ikija imenyooka kama ya fundi, mimi hupima mkono wa mzazi, na mtoto hubaki bila kupimwa. Nikimuuliza "hapa ulifungaje?" hunyamaza. Nafuu aniletee mzani wa vifuniko na kamba uliopinda, kisha anieleze kwa nini unalalia upande mmoja. Wewe kaa naye jioni mapema, muulize anapanga kutumia nini, mshikie panapohitaji mikono miwili, basi. Tumia vilivyopo: katoni, magunzi, vifuu, vitambaa vya fundi cherehani.

Na ukitumiwa orodha ya vitu vya kununua usivyovimudu, mwandikie mwalimu kwenye daftari la mtoto kwamba hivyo huna, na umtajie ulivyonavyo. Mradi huo huo unaweza kufanywa kwa vifaa vingine.