Je, ni lazima Mbuddha aende kuhiji Bodh Gaya?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mfuasi wa Buddha, naishi Mombasa. Kikundi chetu cha tafakuri kinapanga kwenda India kuhiji Bodh Gaya, na nimeshachanga karibu nauli yote. Sasa mama yangu amepata kiharusi, upande mmoja umelegea, na ni mimi ninayemlisha na kumwogesha. Mwenzetu mmoja ananiambia kwamba Mbuddha ambaye hajafika chini ya Mti wa Bodhi, pale Buddha alipopata mwamko, imani yake ina kasoro, na nikiahirisha nitakosa thawabu kubwa. Anasema pia kuna mwalimu huko anayetoa mafundisho ya siri kwa ada, na bila mwalimu wa Asia mtu hafiki popote. Je, hija hii ni faradhi kwetu? Na huyo mwalimu nimtafute?

JIBU: Marahaba binti yangu, na pole sana kwa kuuguza. Mama apate nafuu.

Hija si faradhi katika Ubuddha. Hakuna amri inayomlazimu mfuasi kufika Bodh Gaya wala mahali pengine popote, na asiyefika hana deni la kulipa. Baki na mama yako. Nimetanguliza jibu kwa sababu najua safari inakaribia na unahitaji kuamua, lakini ni haki yako kujua limetoka wapi, maana mwenzako hakuzua kila kitu.

Katika Mahaparinibbana Sutta, andiko letu linalosimulia siku za mwisho za Buddha, tunamkuta amelala kati ya miti miwili ya aina iitwayo sala huko Kusinara. Ananda, mtawa anayemhudumia, ana huzuni. Anamwambia kwamba watawa walizoea kuja kumwona kila msimu wa mvua ulipokwisha. Je, akishaondoka itakuwaje? Buddha akamtajia mahali pane ambapo mwenye imani inafaa apaone, moyo wake utikisike: alipozaliwa, alipopata mwamko, alipofundisha kwa mara ya kwanza, na alipofariki. Leo tunapaita Lumbini, Bodh Gaya, Sarnath na Kushinagar. Akaongeza kwamba atakayefia katika ziara hiyo akiwa na moyo wenye imani atazaliwa pema.

Basi ziara ina asili, tena asili tukufu. Lakini alisema inafaa, hakusema lazima. Asiyekwenda hakutajiwa adhabu yoyote. Na hata hiyo ahadi ya kuzaliwa pema ameifunga na hali ya moyo, hakuifunga na kufika tu.

Itazame na historia. Mfalme Ashoka wa India alikwenda Lumbini katika mwaka wa 20 wa utawala wake, akasimamisha nguzo ya mawe na kuwapunguzia wanakijiji kodi. Baadaye mahali hapo pakasahauliwa kabisa, hata nguzo yenye maandishi yake ikaja kutambuliwa mwaka 1896. Bodh Gaya nayo ilitoka mikononi mwa Wabuddha kwa mamia ya miaka. Anagarika Dharmapala alipofika kutoka Sri Lanka mwaka 1891 alilikuta hekalu la hapo likiwa chini ya kiongozi wa Kihindu, akaanza kupigania lirudishwe. Alifariki mwaka 1933 kabla ya sheria ya 1949 iliyolikabidhi kwa kamati ya Wahindu na Wabuddha kwa pamoja. Sasa katika miaka yote hiyo, Wabuddha wa Burma, wa Siam, wa Tibet, wa Vietnam walikuwa wapi? Walikuwa makwao, wakishika sila, yaani kanuni za maadili, na kufanya tafakuri. Kukai, mtawa wa Japani ambaye hadi leo Wajapani huvaa nguo nyeupe na kutembea kilomita zipatazo 1,200 kuzunguka mahekalu 88 ya kisiwa cha Shikoku kwa kumkumbuka, hakukanyaga India. Dogen, mtawa mwingine wa Japani, pia alifika China tu. Nani atasema imani ya hao ilikuwa na kasoro?

Hata mti wenyewe uliopo leo ni kitukuu cha ule wa zamani. Mti uliotangulia uliangushwa na dhoruba mwaka 1876, na huu ukaoteshwa kutokana na machipukizi yake. Tawi la mti wa asili lilikuwa limeshapelekwa Anuradhapura, Sri Lanka, na Sanghamitta binti Ashoka katika karne ya 3 kabla ya Kristo, na uzao wake umesambaa. Hekalu la Wabuddha la Dar es Salaam, lililoanzishwa na Wasinhala, watu wa Sri Lanka, enzi za ukoloni, lina mti wa Bodhi ulioletwa kutoka Sri Lanka. Ukipata siku mbili za nafasi, basi la kutoka Mombasa litakufikisha.

Kuna jambo jingine ambalo ningependa mwenzako alisikie, nawe umwambie kwa upole. Sundarika Bharadvaja, brahmini, yaani kuhani wa dini ya kale ya India, alimwuliza Buddha kama anakwenda kuoga katika mto Bahuka, kwa kuwa watu waliamini maji yake yanaondoa dhambi. Buddha akamjibu kwamba kama husemi uongo, huumizi viumbe, huchukui usichopewa, una imani na huna uchoyo, Gaya unaiendea nini? Hata kisima chako ni Gaya. Ni kweli hapo alikuwa anazungumzia kuoga katika maji matakatifu ya Gaya, mji ulio jirani na Bodh Gaya, si ziara ya kumkumbuka yeye, na sitaki kuyabebesha maneno yake mzigo usio wake. Lakini mtu anayedhani udongo wa Gaya una nguvu ya kumsafisha bila yeye kubadilika, jibu hili linamhusu. Punnika, mtumwa aliyekuwa akiteka maji asubuhi za baridi, alilisema hivyohivyo kwa brahmini mmoja aliyekuwa anatetemeka mtoni: kama maji yangesafisha dhambi, basi vyura, kasa na mamba wote wangekwenda mbinguni.

Sasa nikurudishe kwa mama. Katika vitabu vya Vinaya, yaani kanuni za watawa, kuna kisa ninachokipenda kuliko vyote. Buddha na Ananda walikuwa wakipita katika makao ya watawa, wakamkuta mtawa mmoja anaumwa tumbo la kuendesha, amelala katika uchafu wake mwenyewe. Buddha akamwuliza, huna anayekuuguza? Akajibu hana, kwa kuwa hakuwa akiwafanyia wenzake lolote. Buddha akamtuma Ananda maji. Buddha akammiminia, Ananda akamwosha. Kisha Buddha akamshika kichwani, Ananda miguuni, wakamwinua na kumlaza kitandani. Hakukuwa na mahubiri mpaka kazi ile ilipokwisha. Ndipo akawakusanya watawa na kuwaambia: anayetaka kunihudumia mimi, amhudumie mgonjwa.

Binti yangu, unatamani kwenda kuinamisha kichwa mahali alipoketi. Yeye mwenyewe amekwambia ni wapi utamhudumia. Alisema pia kwamba mtu akimbeba mama bega moja na baba bega la pili kwa miaka 100, akiwaogesha na kuwakanda, huku wakijisaidia palepale mabegani, bado hajawalipa wema wao. Kwa hiyo usiione kazi hii kama kizuizi cha ibada yako. Unapomgeuza mama asipate vidonda vya mgongo, geuza ukijua unageuza, pumzi yako ikiwa imetulia. Ukikasirika, na utakasirika kwa sababu umechoka, itambue hasira ilipo kabla haijafika mkononi. Na usibebe peke yako. Waite ndugu zako wapokezane nawe hata usiku mmoja mmoja, ili upate kulala.

Kuhusu mwalimu wa siri, hapa nakukataza waziwazi. Katika sutta ileile ya siku za mwisho, Buddha alimwambia Ananda kwamba amefundisha Dhamma, yaani mafundisho yake, bila kubagua ya ndani na ya nje, wala hana ngumi iliyofumbwa ya mwalimu anayeficha kitu. Zipo mila, hasa za Tibet, ambapo lama, yaani mwalimu wa huko, humpa mwanafunzi mafundisho maalumu akishakuwa tayari, nami naziheshimu. Lakini hata huko mwanafunzi huambiwa amchunguze mwalimu kwa muda mrefu kabla ya kujifunga kwake. Mfalme Pasenadi alipowasifia watawa fulani waliopita njiani, Buddha alimwambia kwamba tabia ya mtu hujulikana kwa kuishi naye, tena muda mrefu, na kwa mwenye kuangalia vizuri. Wewe utamjuaje mtu kwa siku chache za safari?

Walimu wakubwa wa zama zetu hawakuuza Dhamma. Ajahn Chah wa Thailand aliwafungulia wageni makao ya Wat Pah Nanachat mwaka 1975, na huko watawa wanaishi kwa chakula wanachopewa na wanakijiji. S. N. Goenka, aliyejifunza Burma kwa U Ba Khin, aliacha kozi za siku 10 zisizo na ada. Zinaendeshwa kwa sadaka za waliokwisha kuzipitia. Anayekutajia bei ya siri, mwache na siri yake.

Mwenzako ana haki katika jambo moja: safari hii haisafiriwi peke yako. Ananda aliposema urafiki mwema ni nusu ya maisha ya kiroho, Buddha alimsahihisha kwamba ni yote. Lakini rafiki mwema si lazima atoke Asia. Kikundi chenu kikikaa pamoja kwa uaminifu, kikisoma na kuonyana, umeshapata hao marafiki.

Siku mama akipata nafuu au akipatikana wa kumwangalia, nenda, tena nenda kwa furaha. Chagua Novemba hadi Februari, maana joto la Mei la Bihar, jimbo ilipo Bodh Gaya, ni kali. Utawakuta Watibeti wakisujudu mwili mzima juu ya mbao zilizolainika kwa mikono, Wasinhala waliovaa meupe wakisoma kwa Kipali, lugha ya maandiko yetu ya kale, na watu wamekaa kimya chini ya mti wakingoja jani lianguke lenyewe. Kaa nao.

Nauli uliyochanga ni mali yako. Omba urudishiwe na itumie kwa mazoezi ya viungo ya mama bila kujiona umeiba kwenye hija. Na kama unahofia thawabu, fundisho letu lina mlango wake: anayefurahia kwa dhati wema unaotendwa na mwingine, naye anapata wema. Wenzako watakapoondoka, wape ubani wawashe Bodh Gaya kwa jina la mama yako, kisha mweleze na yeye, hata kama bado hawezi kukujibu.