Mchoraji kanitumia ramani ya nyumba, haifunguki

SWALI: Shikamoo mwalimu. Tunajenga nyumba ya vyumba vitatu huku Kihonda. Mchoraji amenitumia ramani kwa barua pepe, na jina la faili linaishia na .dwg. Nikifungua kwa Word naona alama za ajabu tu. Kijana wa steshenari akabadilisha mwisho wa jina ukawa .pdf, likagoma vilevile. Fundi anataka karatasi mkononi Jumatatu. Je, faili limeharibika?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Marahaba mwanangu, na hongera kwa ujenzi. Sidhani kama limeharibika. DWG ni aina ya faili la AutoCAD, programu ya kampuni ya Autodesk iliyotoka mwaka 1982, na wachoraji wengi wa ramani hufanyia kazi humo. Word haisomi michoro ya aina hiyo, ndiyo maana unaona alama.

Kwanza lirudishie jina lake la .dwg. Kubadilisha herufi za mwisho hakugeuzi kilichomo ndani, kunaichanganya kompyuta tu. Ukitaka uhakika, lifungue kwa Notepad, ile programu ndogo ya maandishi iliyomo kwenye Windows, utazame herufi sita za mwanzo kabisa. Ukikuta AC1032, ni DWG ya toleo la 2018 au la baadaye. AC1027 ni ya 2013 hadi 2017. PDF halisi huanza na %PDF. Ukishaona, funga bila kuhifadhi chochote, maana ukihifadhi kwa Notepad ndipo utaliharibu kweli.

Kama kompyuta yako ni ya Windows, pakua DWG TrueView kutoka tovuti ya Autodesk yenyewe. Ni ya bure, inafungua na kuchapa, ila haikuruhusu kubadilisha mchoro. Ni kubwa, itakula bando. Ukiona ni mzigo, tumia Autodesk Viewer kwenye kivinjari: unafungua akaunti ya bure, unapandisha faili, unaiona ramani. Zile tovuti zinazojinadi kufungua faili la aina yoyote ziache kabisa. Nimeona kompyuta za wateja zikijaa uchafu kwa ajili yake.

Ramani ikifunguka na usione kitu, usiogope. Bonyeza gurudumu la mausi mara mbili haraka, mchoro wote utakuja mbele yako. Kisha tazama vichupo (tabs) vilivyo chini ya dirisha. Kile cha Model ndimo mchoraji alimochorea. Vinavyofuata, kama alivipanga, ndizo karatasi zenye fremu, vipimo na jina la mradi. Hizo ndizo za kuchapa.

Hapa kwenye kuchapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu nimeshuhudia watu wakipata hasara. Ramani ina skeli, yaani uwiano wa vipimo vya karatasini na vya nyumba yenyewe. Kwa 1:100, ukuta wa mita 4 unatakiwa uwe sentimita 4 kwenye karatasi. Steshenari wakiamuru mchoro ujaze karatasi, skeli inapotea, na fundi akipima kwa rula anapata urefu wa uongo. Kwenye dirisha la kuchapa ondoa tiki kwenye kisanduku cha kujaza karatasi (Fit to paper), chagua saizi ya karatasi aliyoipanga mchoraji, mara nyingi A3 au A1, halafu pima ukuta mmoja kwa rula kabla ya kulipia nakala zote. Hata hivyo mwambie fundi afuate namba zilizoandikwa, si rula.

Kwa kuwa Jumatatu iko karibu, mpigie mchoraji leo akutumie PDF ya kila karatasi, skeli ikiwa imeandikwa. Kwake ni kazi ya dakika chache, na PDF utaichapa popote. Ila DWG usiifute. Weka nakala kwenye flashi na nyingine kwenye barua pepe, kwa sababu siku ukitaka kuongeza choo au kusogeza mlango, mchoraji yeyote atakuuliza hilo faili, na bila hilo huenda akakutoza upya kuchora nyumba nzima.