Athi mbili zisizojuana: mimi yalinikuta, wewe simama hapo hapo

Kesho usimwite huyo fundi.

Umeuliza kama fundi yuko sawa anaposema pampu ya kisimani ipigiwe nondo yake ya athi (chuma kinachopigiliwa ardhini ili stima iliyopotea ishukie huko) "isiyochanganywa na ya nyumba, ndio radi isiingie ndani". Maneno hayo niliyasikia mimi huku Shela, Lamu, miaka minne iliyopita, na yakanila pampu, inverta, friji na televisheni kwa usiku mmoja.

Hoja ya fundi wangu ilikuwa tamu, sikatai. Mchanga wetu ukikauka wakati wa kaskazi haupitishi stima vizuri, na kando ya kisima pana unyevu, basi nondo ikae pale. Mpaka hapo kasema kweli. Balaa ni hilo "isichanganywe". Nikabaki na athi mbili, moja chini ya boksi la mita, nyingine kisimani, kama mita 20 kati yao, na hazisalimiani.

Masika ikaja, radi ikapiga mnazi wa jirani, hatua chache tu kutoka kisimani. Nyumba yangu haikuguswa! Lakini radi ya kawaida hubeba ampea kama 30,000. Zikimwagika ardhini, ardhi ya kisimani hupanda volti maelfu kwa maelfu kuliko ya nyumbani, na stima hutafuta pa kupita ili zilingane. Pa kupita palikuwepo: waya wangu wa pampu, shaba safi, nilioubeba mwenyewe kwa boti kutoka Mokowe. Asubuhi nikafungua inverta. Bodi ina mstari mweusi kama wanja, na kando yake mjusi kafiri amekauka, mkia juu. Fundi akamtazama, akatikisa kichwa, akasema ndiye aliyeunguza. Mjusi! Nami, msomi wa kidato cha nne, nikakubali, nikanunua inverta nyingine kwake huyo huyo.

Hadi leo taa zikipepesa mke wangu huniuliza, "Mjusi tena?"

Na usiseme radi huja mara moja kwa mwaka. Nondo moja kwenye mchanga mkavu yaweza kuwa na omu 100 (kipimo cha jinsi ardhi inavyoizuia stima). Pampu ikivujisha stima kwenye chuma chake, volti 240 gawanya kwa omu 100 ni ampea 2.4. Breka ya ampea 16 haina habari, haikati. Chuma kitabaki na stima, kikimngoja mtoto mwenye ndoo.

Funga athi zote pamoja, basi. Nondo ya kisimani iache, ni nzuri, ila ivutie waya wa shaba wa milimita 16 za mraba mpaka kwenye athi kuu ya nyumba. Fremu za sola, mlingoti wa antena, vyote vifungwe hapo hapo. Weka na breka inayokata stima ikivuja, ya miliampea 30. Saji protekta (kifaa cha kuzuia stima inayoruka ghafla) pia nzuri, nyaya zake ziwe fupi, zisizidi nusu mita, lakini bila kufunga athi ni pambo tu. Mimi nilikuwa nayo. Ilipasuka kama njugu.

Fundi yeyote akija, muulize swali moja: hizi athi mbili zinakutana wapi? Akianza habari za mijusi, mpe nauli ya boti arudi mjini.